Pasi ya Jogoo na Dirisha la Juu

Nianze na hili, maana linanichoma: baba yangu si bubu. Watu wengi wameiona ile filamu. Wamelia, wamemchora Bwana Makaa, yule dobi wa filamu, kwenye fulana na kwenye kuta za saluni, na wote wanajua jambo moja kumhusu: mdomo wake unacheza mwanzo hadi mwisho na hakuna sauti inayotoka. Sasa mimi nimelala nyumba moja na huyo Bwana Makaa tangu nizaliwe, na mtaani kwetu wanamwita Redio. Anaamka anaongea, ananawa anaongea, akipiga mswaki ndiyo usiseme kabisa, jitenge na povu. Mama anasema siku ya ndoa yao aliulizwa kama amekubali, akaanza kueleza.

Baba ni dobi. Duka letu ni chumba kimoja chenye mlango mpana, kinachotazama barabara nyembamba. Kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi, juu ya blanketi shuka ambalo limebadilika rangi kwa joto, na darini zimepita kamba za kutundikia nguo zilizokwisha. Maji ya kunyunyizia yako kwenye chupa ya plastiki aliyoitoboa kizibo kwa msumari. Ukiingia unakutana na harufu ya wanga, halafu unakutana na baba.

Kazi yake anaijua, hilo hata mama habishi. Shati anaanza na kola, kwa ndani kwanza, kutoka ncha kwenda katikati, kwa sababu ukianzia katikati unasukumia makunyanzi kwenye ncha, na ncha ndiyo inayotazamwa na watu. Halafu mabega, halafu mikono, mgongo mwisho. Na wakati wote huo anazungumza na shati. Huyu mwalimu chaki yake inakaa mkono wa kulia tu, basi amekosana na mkewe, zamani mke alikuwa anaifua mpaka inatoka. Huyu kifungo kimesogezwa, amenenepa na hataki kukubali. Mteja akija kuchukua mzigo wake anakuta siri zake zote zimeshajadiliwa na nguo zake mwenyewe.

Na akiondoka anaambiwa, "Haya, kesho nikukute." Hata kama kesho duka limefungwa. Hata sisi wanawe, tulipokuwa wadogo, taa ikizimwa tulisikia kutoka mlangoni, "Kesho niwakute." Tulidhani ni mdomo tu, maana kwake maneno hayajawahi kuwa na bei.

Ila Redio ina stesheni moja ambayo haikufunguliwa. Hiyo nimeisikia kwa mama, na mama mwenyewe alinihadithia wakati baba ametoka kupeleka nguo.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wetu, kuna nyumba ya ghorofa. Zamani, mimi nikiwa bado mgongoni kwa mama, dirisha la juu lilikuwa halifunguliwi. Mle ndani alikuwa analala mtoto wa kike mwenye ugonjwa wa kifua, na waganga wake walikuwa wamekataza vumbi. Baba enzi hizo alitumia pasi ya mkaa, ile nzito ya chuma yenye kitasa chenye umbo la jogoo mbele ya mfuniko. Asubuhi anawasha jiko nje, mkaa ukishika anaujaza kwenye pasi, anafunga jogoo, kisha anasimama barabarani kuiamsha. Pasi ya mkaa haiamki yenyewe. Unaishika kwa mkono ulionyooka, unaipeleka mbele, unairudisha nyuma, mbele, nyuma, upepo unaingia kwenye matundu, moshi unatoka, na makaa yanawaka ndani. Asiyejua anaweza kudhani unambembeleza mtu.

Asubuhi moja akiwa katika kubembeleza huko akaona uso kwenye kioo. Akainua pasi juu ili yule mtoto amwone jogoo. Mtoto akaweka kiganja kwenye kioo. Basi, urafiki ukaanza. Kila siku baba akimaliza kuiamsha pasi anaiinua, kiganja kinabandikwa kiooni, halafu michezo inafuata: suruali zinacheza ngoma, magauni yanasalimiana kwa adabu, koti la bwana mkubwa linaanguka chali. Na baba anaongea, anaongea, kwa kioo kilichofungwa, ng'ambo ya barabara. Jina la mtoto hakulijua. Alimwita Jirani wa Juu.

Siku moja alikuwa anaichezesha suruali kwa mkono mmoja, na mkono wa pili umeisahau pasi juu ya shati la karani. Sasa wewe dobi unaweza kuchelewesha nguo ukasamehewa, ukapoteza kifungo ukasamehewa. Ukiunguza, umejiunguza. Harufu ilipomfikia, mgongo wa shati ulikuwa na tundu lenye umbo kamili la pasi, na kingo nyeusi. Mtu mwenye akili zake angelificha. Baba alilibeba hadi barabarani, akaliinua, akaingiza uso kwenye tundu na kumtolea ulimi Jirani wa Juu. Mtoto alicheka hadi akakohoa, ikabidi mama yake aje amwondoe. Kuanzia hapo lile shati lilitundikwa mlangoni, mbele ya wateja, na kila asubuhi baba alichungulia kwenye tundu lile. Dobi kutundika shati aliloliunguza mwenyewe ni sawa na mpishi kuweka chakula kilichoungua dirishani, lakini nani angemwambia?

Karani alipokuja juu, baba alimlipa kwa shati lake jeupe la harusi. Hilo mama hajalimeza mpaka leo. "Tumefunga ndoa watatu," ananiambia. "Mimi, baba yako na karani."

Kisha siku moja pazia la dirisha la juu halikufunguka. Kesho yake hivyo hivyo. Baba aliinua jogoo wake kwa pazia, siku baada ya siku. Halafu akaenda kupeleka nguo upande wa pili wa mji, aliporudi akakuta dirisha halina hata pazia, chumba kitupu, mwangwi. Mwanamke mmoja wa chumba cha chini alikuwa anaanika nguo. Baba akamuuliza.

"Mtoto alizidiwa," yule mama akasema. "Wamembeba mbio. Na wewe kila siku na moshi wako chini ya dirisha la mtu wa kifua." Akaendelea kuanika.

Hakusema kwa ubaya, nadhani. Alikuwa anasema tu, kama watu wanavyosema. Lakini baba alirudi dukani akamwaga makaa kwenye ndoo ya maji, na tangu siku ile hajawahi kuwasha mkaa. Alinunua pasi ya umeme. Umeme ukikatika anakaa. Wateja wanapiga kelele, mzee, pasi ya mkaa ile pale rafuni, tunaiona, na yeye anawapa stori nyingine. Jogoo yuko rafuni anafutwa vumbi kama picha ya marehemu. Baba aliuliza kwa mwenye nyumba, kwa wapangaji wapya, kwa dereva wa gari lililobeba vyombo. Hakuna aliyejua kama mtoto alipona au alikufa. Na yeye akabaki na swali lake, moshi wangu ulimfanya nini, na asubuhi zote za maisha yangu nimemwona akifungua mlango wa duka na kutazama juu kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Ndipo ikaja filamu.

Aliyetuletea habari ni fundi viatu wa mlango wa pili, mtu ambaye hawezi kukuhadithia kitu bila kukishika kiatu chako. Alikuja asubuhi, baba yuko kwenye shati.

"Redio, kuna dobi kwenye sinema anakushinda," akasema. "Anaongea filamu nzima halafu hana sauti. Mke wangu kasema, huyu ni Redio akiwa amezimwa."

Baba akacheka, akaendelea na kola.

"Kuna mahali ananivunja mbavu. Anaunguza shati, tundu hili hapa, anaingiza uso ndani na kumtolea ulimi mtoto aliye dirishani. Halafu analitundika mlangoni."

Pasi ikasimama. Nataka unielewe: mkono wa dobi hausimami na pasi juu ya nguo, hata akiitwa, hata nyumba ikiungua. Nilikuwa nakunja mashuka, nikainua kichwa kwa sababu sikusikia sauti. Baba anamtazama fundi viatu, mdomo wazi. Mimi ndiye niliyemwondoa mkono, shati likiwa limeshaanza kutoa moshi.

"Huyo mtoto," baba akasema, "mwisho anakuwaje?"

"Mwisho pazia linafungwa. Nje watu waligombana. Wengine wanasema kafa, wengine wanasema kahama. Mimi naona kafa, ndiyo maana filamu nzuri."

Kuna watu wanapaswa kushona viatu tu.

Jioni ile baba hakugusa chakula. Mama akamwambia aende akaione filamu na swali lake liishe. Baba akasema haendi.

"Nimeuliza, aliyeitengeneza ni mwanamke," akasema. "Sasa kama ni yule mtoto mwenyewe, sawa. Kama ni dada yake je? Watu wanatengeneza picha kuwakumbuka wafu wao. Nikienda nikaambiwa ni dada yake, nitarudi na nini?"

"Utarudi na jibu," mama akasema. "Miaka yote hii hili swali limelala katikati yetu."

Wiki zilizofuata sikuwa na raha. Kila mahali Bwana Makaa. Kwenye vipindi vya redio walikuwa wanamchambua: jogoo ni alfajiri ya wanyonge, mdomo usio na sauti ni watu wasiosikilizwa, shati lenye tundu ni majeraha tunayotakiwa kuyaonyesha badala ya kuyaficha. Mimi nilikuwa naizima redio kwa hasira. Wamemchukua baba yangu, wakamnyang'anya kitu pekee alichonacho kwa wingi, halafu wanakiita maana. Baba yeye alikuwa anasema niache. Aliipenda ile ya jogoo. "Alfajiri ya wanyonge," anarudia huku ananyunyiza maji, "na mimi nilidhani ni kitasa."

Kisha likabandikwa tangazo: mwongozaji wa filamu atakuja kwenye ukumbi wa maktaba, filamu itaonyeshwa mchana, na watu watamuuliza maswali. Nilifunga duka bila kumwomba ruhusa. Mama alimtolea suruali ya kijivu, na safari hii baba akaivaa bila kubisha. Tulipofika mlangoni tutoke nikamwona ana mfuko wenye uzito wa ajabu, na mkia wa jogoo unachungulia.

"Hiyo inabaki," mama akasema. "Ukiingia na chuma kile watadhani umekuja kumpasua mtu."

Ikabaki.

Ukumbi ulijaa. Aliyeigiza nafasi ya baba ni kijana mrefu, mabega haya, macho ya huzuni. Baba ni mfupi na tumbo limemtangulia. Tangu mwanzo alikuwa ananinong'oneza sikioni: anaanza na mgongo huyu, nani anaanza na mgongo? Wanga ule umezidi, shati litasimama lenyewe. Mtu wa mbele akageuka akasema, "Mzee, tafadhali, kimya." Nikamkodolea macho hadi akageuka tena.

Halafu picha ikahamia juu. Kwa mara ya kwanza tukawa ndani ya chumba cha mtoto. Chupa za dawa kwenye stuli, blanketi, kioo kilichopata ukungu wa pumzi. Na kule chini, mbali, mtu mdogo sana na pasi yake, mbele, nyuma, mbele, nyuma, mdomo unakwenda kasi. Husikii kitu ila mtoto anavyovuta pumzi kwa tabu. Baba akaacha kunong'ona. Na mimi hasira yangu yote ikaniishia pale, kwenye kiti cha maktaba, kwa sababu nilielewa. Hakuna aliyemnyima sauti. Kioo kilikuwa kimefungwa.

Pazia likafungwa kama fundi viatu alivyosema, taa zikawashwa, watu wakapiga makofi hadi nikaona aibu kuwa mimi sipigi. Mwongozaji akapanda jukwaani. Mwanamke mwembamba, nywele fupi, anaongea sentensi fupi na kuvuta hewa katikati. Nilimtazama baba. Alikuwa anamtazama kama anavyotazama nguo yenye doa asilolijua.

Maswali yakaanza. Akasimama bwana mmoja wa miwani, mtu wa chuo, mpole, akazungumzia moshi. Akasema yeye anauona moshi ule kuwa mauti, yanapanda taratibu kila asubuhi kwenye dirisha la mtoto, na cha kusikitisha ni kwamba anayeyapandisha ni mtu anayempenda. Alisema vizuri, watu wakaguna kwa kukubali. Baba alinishika goti hadi likauma.

"Umeisoma vizuri," mwongozaji akasema. "Sikuwahi kuifikiria hivyo. Nitakujibu, lakini naona kuna mkono kule nyuma."

Ulikuwa mkono wa baba.

Kipaza sauti kikapitishwa kutoka kiti hadi kiti kikamfikia. Akasimama. Na Redio, mtu ambaye anaweza kumzungumzisha hata mtoza kodi, akasimama na kipaza sauti mkononi na asipate neno hata moja. Mdomo unacheza. Sauti haitoki. Watu wa mbele wakaanza kugeuka, mmoja akacheka kidogo. Nikataka kumvuta koti akae, nikauona mkono wake unashuka. Ukanyooka. Kile kipaza sauti kikaenda mbele, kikarudi nyuma, mbele, nyuma, taratibu, kama kina makaa ndani. Kisha akakiinua juu ya kichwa.

Mwongozaji alikuwa ameshika glasi ya maji. Akaiweka chini, ikakosa meza, ikavunjika, hakuitazama. Akaja hadi ukingoni mwa jukwaa na kuinua kiganja chake, bapa, akakibandika hewani.

Baba akapata sauti. Hakutumia hata kipaza.

"Ni wewe mwenyewe," akauliza, "au ni dada yako?"

"Ni mimi mwenyewe, baba."

"Na moshi je?"

Ukumbi mzima haukuelewa, lakini yeye alielewa. Nilimwona anavyotafuta hewa kabla ya kujibu.

"Usiku nilikuwa silali," akasema. "Kifua kilikuwa kinanibana, na niliogopa nikifumba macho sitafumbua. Nilikuwa nangoja moshi wako. Ukipanda kwenye kioo, najua kumekucha, nimeuvuka. Dirisha lilizibwa hadi na vitambaa, baba. Haukuwahi kuingia. Nilizidiwa wakanipeleka hospitali ya mbali, tukabaki huko huko. Nililia kwa sababu sikukuaga."

Baba akakaa. Hakukaa, alianguka kwenye kiti, na akalia kwa sauti, waziwazi, mtu mzima na tumbo lake, na mimi nikalia naye, na yule bwana wa miwani akampa leso yake na kumshika bega. Namshukuru hadi leo, na baba amempenda, anamwita dukani amweleze na maana ya jogoo.

Lakini mwongozaji alikuwa bado amesimama.

"Na mimi nina swali," akasema. "Nimelibeba tangu pale dirishani. Nilipoandika filamu nilishindwa kukuwekea maneno, kwa sababu sikuyasikia, na sikutaka kukutungia. Kila asubuhi ulikuwa unaniambia nini?"

Baba akajifuta uso.

"Umbea, mwanangu. Nilikuwa nakupa umbea wa mashati. Nani amenenepa, nani kagombana na mkewe." Watu wakacheka, naye akacheka, halafu akainamisha kichwa. "Na nikiiinua pasi, kabla sijarudi ndani, nilikuwa nasema, kesho nikukute."

Yule mwanamke aliziba mdomo kwa kiganja kile kile. Mimi nilikumbuka mlango wa chumba chetu, taa imezimwa, na baba amesimama pale, hatoki mpaka tumemjibu.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta amemshusha jogoo rafuni. Alikuwa amewasha jiko mbele ya duka, barabarani, anaiamsha pasi huku anamweleza fundi viatu kila kitu kuanzia mwanzo, na moshi unapanda ng'ambo hadi dirisha la juu. Umeme ulikuwepo.